Unga Unaozuia Nuru: Historia Fupi ya Rangi Nyeupe, kutoka Chokaa hadi Titani

Utangulizi

Baba yetu mdogo alikuwa mpaka rangi katika mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi. Kila alipomaliza kupaka ukuta chokaa na ukuta ukakauka, alilowesha kidole gumba kwa maji, akakisugua mahali pamoja ukutani, kisha akatuita sisi watoto: «Njooni mwone, wanangu. Weupe umekwenda wapi?» Kweli, pale palipoguswa na maji palikuwa pamegeuka kijivu, na wekundu wa matofali ulianza kuonekana kwa chini. Baada ya muda mfupi jua lilipakausha, na weupe ukarudi. Yeye hakuwa na jibu la swali lake, wala sisi hatukuwa nalo. Tuliona tu kwamba chokaa haikutoka ukutani, lakini weupe wake ulikwenda na kurudi.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na yatalijibu kwa njia ya historia. Tutajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, historia ya rangi nyeupe ni historia ya kuzuia nuru isipite, kuliko kuwa historia ya weupe wenyewe. Pili, mara nyingi hatua mpya ilipatikana kwa kuunganisha unga wa namna mbili katika chembe moja au katika mchanganyiko mmoja, yaani kwa kutengeneza kile tutakachokiita hapa unga mseto. Tatu, kila weupe ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo haikulipwa daima na yule aliyeukaa mbele ya ukuta mweupe. Mwishoni tutagusa suala la lugha, kwa maana Kiswahili chetu kina neno moja, rangi, mahali ambapo mambo matatu tofauti yanahitaji kutajwa.

1. Chokaa na pemba

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki waliijua chokaa tangu kale. Walichukua mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakayachoma, kisha wakayazimua kwa maji. Kwa chokaa hiyo walijenga na kusiriba kuta za Kilwa Kisiwani, ukiwemo Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa kabla ya karne ya 13, na jumba la Husuni Kubwa la mwanzoni mwa karne ya 14. Chokaa iliyopakwa huvuta hewa ya ukaa polepole na kurudia kuwa jiwe lile lile ililotokana nalo.

Katika bara letu la ndani, weupe ulitoka ardhini bila kuchomwa. Waluba huuita udongo huo mweupe pemba, na neno hilo limeingia pia katika Kiswahili cha Katanga. Pemba hupakwa mwilini katika ibada na katika kusimikwa kwa machifu. Ni alama ya usafi na ya kibali cha wazee waliotangulia. Yeyote aliyewahi kuipaka anajua kwamba pemba mbichi haionekani sana juu ya ngozi. Huanza kung'aa inapokauka. Jambo hili ni lile lile la kidole gumba cha baba mdogo.

Tena, wapaka rangi wa Ulaya waligundua zamani kwamba chokaa ya mawe iliyosagwa, ikichanganywa na mafuta ya kitani badala ya maji, haipati weupe wowote wa maana. Hugeuka kuwa ute wa rangi ya kijivu wenye kupitisha nuru. Ndiyo maana mafundi waliitumia kwa kuzibia nyufa na kushikizia vioo vya madirisha, wala si kwa kupakia. Unga ule ule ni mweupe katika hewa, ni hafifu katika maji, na karibu hauonekani katika mafuta. Basi weupe si mali ya unga peke yake.

2. Nuru inapokutana na chembe

Fizikia ilitoa ufafanuzi. Kila kitu kinachopitisha nuru huipinda kwa kadiri yake, na kadiri hiyo hupimwa kwa namba. Hewa ina namba 1,0, maji 1,33, mafuta ya kitani karibu 1,5, chokaa iliyokwisha kuwa jiwe karibu 1,6. Nuru inapovuka mpaka kati ya vitu viwili, sehemu yake hurudishwa. Ili kukadiria sehemu hiyo, chukua tofauti ya namba mbili, igawe kwa jumla ya namba hizo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe.

Tukifanya hesabu hiyo, tunapata kwamba chembe ya chokaa katika hewa hurudisha karibu asilimia 5 ya nuru kwenye kila mpaka. Katika maji haifiki asilimia 1. Na katika mafuta ni kama sehemu 1 tu katika 1.000. Chembe moja hurudisha kidogo, lakini ukutani chembe zimepangana kwa maelfu, na nuru iliyoponyoka kwa moja inanaswa na nyingine. Rangi zote za nuru zikirudishwa sawasawa, jicho huona weupe. Zikipita zote, jicho huona kilichoko nyuma. Hapo ndipo weupe wa ukuta wa Katuba ulipokwenda: maji yalijaza nafasi zilizokuwa na hewa, tofauti ya namba ikapungua, nuru ikapita mpaka kwenye matofali.

Jambo la pili ni ukubwa wa chembe. Nuru tunayoiona ina mawimbi ya urefu wa mikromita 0,4 hadi 0,7 hivi. Chembe iliyo kubwa mno hupoteza kazi kwa kuwa sehemu yake ya ndani haina faida. Iliyo ndogo mno haionwi na wimbi, kama vile kijiti kidogo kisivyotikisa wimbi la ziwa. Kwa unga mweupe wenye nguvu kuliko wote, ukubwa unaofaa ni mikromita 0,2 hadi 0,3. Zaidi ya chembe 200 za namna hiyo zikipangwa mstari mmoja hazizidi upana wa unywele. Kutoka hapa tunaelewa kwa nini historia hii ni ya mambo mawili tu: kutafuta kitu chenye namba kubwa, na kukisaga au kukitengeneza kiwe chembe zenye kipimo chake.

3. Weupe wa risasi

Kwa zaidi ya miaka 2.000, jibu la Ulaya na la nchi za Bahari ya Kati lilikuwa risasi. Theophrastus, Mgiriki, aliandika mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo jinsi risasi inavyowekwa juu ya siki katika vyombo mpaka inaota ukoko mweupe, nao ukoko ukakwanguliwa. Waholanzi waliiboresha njia hiyo. Walichukua vyungu vya udongo, wakatia siki chini na risasi iliyokunjwa juu, wakavipanga vyungu kwa tabaka, na kila tabaka wakalifunika kwa samadi. Samadi ilitoa joto na hewa ya ukaa. Siki ikatoa mvuke. Baada ya miezi kama mitatu risasi ilikuwa imegeuka kuwa magamba meupe.

Namba ya unga huo ni karibu 2,0. Katika mafuta, kila mpaka wa chembe hurudisha karibu asilimia 2 ya nuru, yaani mara 20 kuliko chokaa. Aidha, risasi hushikamana na mafuta vizuri na kutoa mpako mgumu usiopasuka. Kwa muda mrefu hapakuwa na mshindani.

Lakini risasi ni sumu. Waliokwangua magamba, waliosaga unga, na waliopaka kuta walipata msokoto mkali wa tumbo, kulegea kwa viganja, upungufu wa damu, na wengine wazimu. Maradhi hayo yaliitwa waziwazi ugonjwa wa wapaka rangi. Mabibi wa makasri ya Ulaya nao walijipaka unga huo usoni ili waonekane weupe zaidi, na ngozi zao zikaharibika. Hata kazi ya weupe huo haikuwa ya milele: katika michoro mingi ya Waholanzi ya karne ya 17 risasi imeungana na mafuta na kuwa sabuni inayopitisha nuru, na mistari ambayo mchoraji alikusudia kuificha imeanza kujitokeza.

Hapa Kiswahili kinatukumbusha jambo ambalo lugha nyingine zinalificha. Kwetu risasi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni madini na ni kile kitokacho katika bunduki. Mwenye kusema «rangi ya risasi» kwa Kiswahili amekwisha kutoa onyo.

4. Zinki na mkandarasi wa Paris

Mnamo miaka ya 1780, mjini Dijon, mwanakemia Guyton de Morveau na msaidizi wake Courtois walipendekeza kutumia oksidi ya zinki mahali pa risasi. Ilikuwa nyeupe sana, haikuwa na sumu ya namna ile, wala haikuwa nyeusi ilipokutana na moshi wa makaa kama risasi. Hata hivyo ilikuwa ghali na ilikauka polepole katika mafuta. Wafanyabiashara hawakuitaka.

Aliyeitoa maabarani na kuipeleka kwenye ngazi za mafundi ni Edme-Jean Leclaire, aliyezaliwa mwaka 1801. Yeye mwenyewe alianza kama mpaka rangi wa kawaida, kisha akawa mkandarasi mjini Paris. Aliwaona wafanyakazi wake wakiugua mmoja baada ya mwingine. Katika miaka ya 1840 alifanya mambo mawili ambayo kwa kawaida hutajwa katika vitabu viwili tofauti: alianza kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida ya kampuni, na alianza kutengeneza weupe wa zinki kwa wingi. Tatizo la ukaukaji alilitatua kwa kuchemsha mafuta pamoja na oksidi ya manganizi badala ya ile ya risasi. Kwa maoni yetu, mambo hayo mawili ni jambo moja. Mtu aliyekubali kwamba faida ni ya wote alikuwa tayari kukubali kwamba afya nayo ni ya wote.

Sheria zilifuata kwa kuchelewa. Ufaransa ilipitisha mwaka 1909 sheria ya kukataza weupe wa risasi katika upakaji wa majengo. Mwaka 1921, mjini Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 13 uliokataza weupe huo kutumika ndani ya majengo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Marekani haikukataza rangi zenye risasi katika nyumba hadi mwaka 1978. Kati ya pendekezo la Dijon na tarehe hiyo ya mwisho imepita takriban karne mbili. Haikuwa miaka ya kutojua. Ilikuwa miaka ya kupiga hesabu ya bei.

5. Litoponi: unga mseto wa kwanza

Weupe wa zinki una namba 2,0, sawasawa na risasi. Haukuongeza nguvu, ulipunguza sumu. Hatua ya kuongeza nguvu ilitoka Uskoti, ambako John Bryson Orr wa Glasgow alipata hataza mwaka 1874 ya unga ulioitwa baadaye litoponi.

Utengenezaji wake unastahili kuelezwa. Jiwe la bariti, ambalo ni salfeti ya bari, husagwa na kuchomwa pamoja na makaa mpaka linageuka kuwa salfaidi ya bari inayoyeyuka katika maji. Kando yake, zinki huyeyushwa kuwa salfeti ya zinki. Maji hayo mawili ni meupe kama maji ya kunywa. Yakimwagwa pamoja, hubadilishana: bari huchukua salfeti, zinki huchukua salfaidi, na vyote viwili havikubali tena kuyeyuka. Hutuama pamoja, wakati mmoja, chembe kwa chembe. Kwa uzito, karibu sehemu 29 katika 100 ni salfaidi ya zinki na 71 ni salfeti ya bari. Mashapo hayo hukaushwa, huchomwa mpaka yakawa mekundu kwa moto, kisha hutupwa katika maji baridi ili yapasuke, na husagwa.

Mtu angeweza kuuliza: bari ya nini, ikiwa namba yake ni 1,64 tu, na katika mafuta haionekani? Jibu ndilo funguo ya habari yote ya unga mseto. Salfaidi ya zinki ina namba 2,37. Kila mpaka wake katika mafuta hurudisha karibu asilimia 5. Lakini chembe zenye nguvu zikibanana mno huanza kufanya kazi kama chembe moja kubwa, na nguvu yao hupotea. Bari huzitenganisha, huzishikilia mahali pake, na hupunguza gharama. Hivyo chembe isiyoonekana huifanya chembe inayoonekana itende kazi yake yote.

Litoponi ilikuwa na ila moja iliyowashangaza watu. Milango iliyopakwa unga huo iligeuka kijivu mchana na kurudia weupe usiku. Mwangaza wa jua, pamoja na unyevu, uliifanya salfaidi ya zinki iachie chembe ndogo za zinki tupu. Gizani hewa ikazirudisha. Dawa iliyopatikana ni kusafisha unga vizuri, hasa kuondoa kloridi, na pia kutia ndani yake chumvi kidogo ya kobalti kabla ya kuuchoma.

Hapa historia inapita mlangoni mwetu. Kuanzia miaka ya 1920, Katanga ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya kobalti duniani. Mgodi wa Kipushi, ulio umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, ulifunguliwa mwaka 1924 na ukawa mgodi wa shaba na zinki. Ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Kobalti ina kazi nyingine pia katika rangi: chumvi zake hukausha mafuta haraka, na kwa sababu hiyo zilichukua nafasi ya risasi iliyotiwa kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo mkopo wa rangi uliofika Lubumbashi kutoka ng'ambo ungeweza kubeba ndani yake kitu kilichotoka chini ya ardhi ya wale wale walioununua. Lakini katika masimulizi ya mji wetu madini huisha yanapopandishwa gari la moshi. Ni nadra kusimuliwa yanarudi kwa sura gani.

6. Titani

Mwaka 1791 kasisi William Gregor, akipima mchanga mweusi wa kijito huko Cornwall, Uingereza, alipata ndani yake madini mapya. Miaka minne baadaye Klaproth wa Berlin aliyapa jina la titani. Kwa zaidi ya karne moja hayakuwa na kazi kubwa. Oksidi yake, hata hivyo, ina namba kubwa kuliko unga wote mweupe uliotajwa hapa: 2,55 katika umbo la anatasi, na karibu 2,7 katika umbo la rutili. Rutili katika mafuta hurudisha karibu asilimia 8 ya nuru kwenye kila mpaka, mara nne ya risasi na zinki.

Mnamo mwaka 1916 viwanda viwili vilianza kuiuza, kimoja Niagara Falls huko Marekani, kingine Fredrikstad huko Norwe. Jambo la kuangalia ni kwamba hawakuanza na oksidi tupu. Waliituamisha titani juu ya chembe za salfeti ya bari, sehemu 25 za titani kwa 75 za bari. Somo la litoponi lilikuwa limekwisha kueleweka: kitu ghali kiwe ganda, kitu rahisi kiwe kiini. Oksidi iliyo karibu kuwa safi ilitoka Thann, Ufaransa, katika miaka ya 1920, kwa njia ya Joseph Blumenfeld.

Njia ya zamani huyeyusha madini ya ilmenaiti katika asidi ya salfuriki, hutoa chuma, huchemsha maji mpaka titani ituame, kisha huichoma. Njia mpya, iliyokuzwa na kampuni ya Du Pont katika miaka ya 1950, hutumia klorini. Njia ya asidi iliacha takataka nyingi za chuma na asidi. Katika miaka ya 1970 takataka za kiwanda kimoja cha Italia zilimwagwa baharini karibu na kisiwa cha Corsica, na mwaka 1973 wakazi wa Bastia waliandamana. Mwaka 1978 Jumuiya ya Ulaya ilitoa maagizo maalumu juu ya takataka za viwanda vya titani.

Mchanga huo mweusi uko pia katika mwambao wetu wa Kiswahili. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024, ukasafirishwa ng'ambo kupitia Likoni. Watu walioiachia dunia kuta za chokaa za Kilwa wameitoa pia titani, ila safari hii tanuri halikuwa lao.

7. Kurudi kwa unga mseto

Anatasi ilikuwa na ila yake. Ikipigwa na jua, chembe zake hula gundi inayozishika. Ukuta uliopakwa rangi hiyo huanza kutoa vumbi. Ukipitisha kiganja, kinatoka cheupe. Rutili, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilipunguza ila hiyo lakini haikuimaliza. Dawa kamili ilikuwa tena ni kuunganisha: kila chembe ya titani huvikwa ganda jembamba la silika au alumina, jembamba kiasi kwamba nuru hulipita bila kulijali, lakini gundi haiguswi tena na titani.

Kuanzia hapo njia mbili za unga mseto zimeendelea sambamba. Ya kwanza huweka titani ndani na ganda la ulinzi nje. Ya pili huweka kitu rahisi ndani, kama vile chokaa ya mawe, kaolini au silika, na titani nje kama ganda, ili kupunguza matumizi ya titani. Ulanga nao umetumika kwa njia hii ya pili: vigamba vyake vikivikwa titani hung'aa kama lulu. Tusisahau kwamba katika miaka ya 1980 ilitolewa hata chembe ya plastiki iliyo tupu ndani: maji yaliyomo hukauka, hewa huingia, na weupe huonekana. Wataalamu hao, kwa vyombo vyao vyote, walirudi kwenye ukuta wa chokaa: waliifungia hewa ndani ya chembe ili kidole chenye maji kisiweze kuifukuza.

Matumizi moja ya unga huu yanatuhusu zaidi kuliko kuta. Oksidi ya titani na ile ya zinki, zikisagwa chini ya mikromita 0,1, hupoteza weupe wake kwa jicho, lakini huendelea kunasa ile miale ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi. Kwa ngozi ya binadamu ganda la silika au alumina ni la lazima zaidi, kwa kuwa titani iliyo uchi huweza kudhuru kile inachokilinda. Mafuta ya kukinga jua si anasa kwa watu wenye ualbino. Ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa, na jua la nchi zetu huwaletea saratani mapema. Huko Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kumekuwa na kitengo kinachotengeneza mafuta ya namna hiyo kwa ajili yao, yaitwayo KiliSun. Ni mfano wa nadra wa bidhaa ya kuzuia nuru iliyobuniwa na kutengenezwa Afrika kwa kuanzia na mahitaji ya Mwafrika.

Inafaa kukumbuka kwamba melanini nayo ni unga. Ndani ya ngozi hukaa kama chembe ndogo, na chembe hizo hujipanga juu ya kiini cha seli kama kofia, ili miale isikifikie. Kile ambacho viwanda vimekitafuta tangu Glasgow hadi leo, mwili hukifanya kimyakimya katika kila mtoto aliyejaliwa chembe hizo.

8. Suala la lugha

Msomaji amekwisha kuona jinsi tulivyohangaika na neno rangi, lililotujia kutoka Kiajemi. Linataja wekundu au weupe ambao jicho linauona. Linataja unga uliomo katika mkopo. Linataja pia mpako uliokauka ukutani. Katika mazungumzo hakuna hasara. Katika mafunzo ya kemia hasara ni kubwa, kwa maana tumeona kwamba unga ule ule waweza kutoa mpako mweupe au mpako unaopitisha nuru.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi haya: rangi ibaki kwa kile kinachoonwa na jicho, unga wa rangi uwe jina la chembe, mpako uwe jina la tabaka lililokauka. Kwa uwezo wa mpako kuzuia nuru, mafundi wa Lubumbashi wanalo neno tayari. Husema rangi hii «inafunika», ile «haifuniki». Basi ufunikaji latosha; hakuna haja ya kuazima. Lina ubora mmoja juu ya maneno ya kitabuni: linataja kazi, wala halitaji weupe. Mpako mweupe waweza kukosa ufunikaji, na masizi meusi yanao mwingi. Na kwa chembe iliyoundwa kwa vitu viwili, tumetumia unga mseto, tukiwa na kiini na ganda kwa sehemu zake, maneno ambayo kila mkulima wa karanga anayaelewa.

Kamusi za sayansi zilizokwisha kutolewa Dar es Salaam, hasa ile ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, zimefanya kazi kubwa. Lakini istilahi hazizaliwi katika kamati peke yake. Nyingine zimekuwa zikitumika juu ya ngazi za wapaka rangi kwa miaka mingi, nasi tulipita chini ya ngazi hizo tukienda chuoni.

Hitimisho

Tumeona kwamba njia ya kutoka chokaa hadi titani ilifuata kanuni moja, nayo ni tofauti kati ya chembe na kile kinachoizunguka. Tumeona pia kwamba unga mseto si mbinu ya jana: ulianza na litoponi, ukafichwa na mafanikio ya titani tupu, ukarudi. Na tumeona kwamba mabadiliko hayakuja kwa elimu tu. Weupe wa risasi ulijulikana kuwa sumu muda mrefu kabla ya kukatazwa. Ulibaki kwa sababu waliokufa kwao walikuwa mafundi. Leo risasi bado hupatikana katika baadhi ya rangi zinazouzwa katika nchi zetu, hasa za manjano na nyekundu, na watoto ndio wanaokwangua kuta kwa kucha. Kiwango kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni. Kukisimamia kunahitaji sheria na maabara, na kunahitaji pia fundi na mama mwenye nyumba waweze kuuliza dukani, kwa lugha yao, ni unga gani uliomo ndani ya mkopo.

Baba mdogo alifariki bila kusikia jibu la swali lake. Tungemwambia hivi: weupe haukwenda popote, baba, hewa ndiyo iliyotoka.